Mgongo, Shingo na Mkao: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Masomo ya Kuujua Mwili, Tanga

Maswali haya tumeyaokota barazani, kwenye simu, na mlangoni pa darasa, watu wanapochungulia wakashangaa kuona watu wazima wamelala mikekani kama hawafanyi kitu. Anayejibu ni mwalimu wa masomo hayo, si daktari. Kama maumivu yako yameanza ghafla, au yameanza baada ya kuanguka, ruka moja kwa moja hadi swali la hospitali, kisha urudi huku baadaye.

Masomo haya ni ya nini hasa?

Ni ya kujifunza kuhisi unavyoutumia mwili wako. Unalala mkekani au unakaa kwenye kigoda, na mwalimu anakuongoza kwa maneno: geuza kichwa kidogo kulia, rudi, sasa geuza, macho yatangulie, sasa geuza kichwa, macho yabaki palepale. Polepole. Kati ya kitendo na kitendo unapumzika. Kazi yako si kufika mbali, ni kuchunguza. Bega gani limejiingiza bila kuitwa? Pumzi imesimama wapi? Taya imebana ya nini?

Karibu kila anayekuja na mgongo unaouma huwa anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ile anayoijua, na nyingine ya kujikaza asiyoijua. Anaandika ujumbe kwenye simu, mabega yamepanda hadi masikioni. Anashona cherehani, na vidole vya mguu usiokanyaga vimejikunja ndani ya ndala. Hiyo kazi ya pili haimlipi chochote, lakini misuli inaifanya kutwa nzima na jioni inadai. Tunachofundisha ni kuitambua ile kazi ya pili na kuiacha. Mengine yote yaliyomo kwenye ukurasa huu yanatoka hapo.

Kwa hiyo mtanifundisha kukaa wima?

Hapana, na hili ndilo jibu linalowaudhi wazazi.

Sote tumekua tukiambiwa "kaa vizuri, nyoosha mgongo". Mtoto akiambiwa hivyo anatoa kifua mbele, anabinua kiuno, anavuta mabega nyuma, na anakaa hivyo mpaka mwalimu ageukie ubao. Si ukaidi. Misuli mikubwa ya mgongo ni ya kuinua na kusukuma. Ukiilazimisha kushika mkao kwa nguvu saa nzima inachoka, na mtu aliyechoka huporomoka chini kuliko alivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana wengi wetu tunaishi kwa zamu mbili: kujikunja, kujikaza, kujikunja tena.

Uti wa mgongo wenyewe haukunyooka. Una pingili 24 zinazocheza moja juu ya nyingine, 7 za shingo, 12 za kifuani na 5 za kiunoni, na chini yake zimo zilizoungana nyuma ya nyonga hadi kwenye kifandugu. Shingoni na kiunoni umejipinda kuelekea ndani, kifuani umejipinda kuelekea nje, na mapindo hayo ndiyo yanayoupa uti wepesi wa kubeba na kupokea mshtuko. Juu yake kuna kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya shingo, mifupa inabeba sehemu kubwa ya uzito huo. Kikitangulia mbele, misuli ya kisogo na ya juu ya mabega inabaki na kazi ya kukizuia kisianguke kifuani, dakika baada ya dakika.

Jaribu hili sasa hivi. Kaa kwenye kiti kigumu, si sofa. Weka viganja chini ya makalio, utagusa mifupa miwili iliyochomoza. Toa mikono. Sasa viringika kidogo nyuma ya mifupa hiyo, uache mgongo ulegee. Halafu viringika mbele yake. Nenda na kurudi, safari fupi fupi, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Katikati hapo pana mahali ambapo kichwa kinapanda chenyewe bila wewe kukiinua, na tumbo halijakaza. Ndipo hapo. Baada ya dakika kumi utakuwa umeshapaacha, na hujakosea kitu. Mwili haukuumbwa kugandishwa mahali pamoja, hata pawe pazuri namna gani.

Nani aliyaanzisha mambo haya?

Mizizi iko kwa watu wawili ambao wala hawakuwa madaktari.

Frederick Matthias Alexander alizaliwa mwaka 1869 Tasmania, Australia. Alikuwa akighani maandishi jukwaani, na sauti ikawa inamkauka akiwa kazini. Akipumzika inarudi, akipanda jukwaani inakwenda tena. Akajitazama kwenye vioo huku akighani, na akaona kwamba kila anapoanza kutamka anavuta kichwa nyuma, anakandamiza koo na kuvuta pumzi kwa kishindo. Alihamia London mwaka 1904, na alichofundisha hadi kufa kwake mwaka 1955 ni namna ya kusita kidogo kabla ya kitendo, ili mazoea yasikuwahi. Waadhini, walimu wa madarasa na wasoma kaswida wanaokuja kwetu na makoo yaliyokauka huielewa habari hii upesi kuliko wengine wote.

Wa pili ni Moshe Feldenkrais, aliyezaliwa mwaka 1904 huko Slavuta, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alikuwa mhandisi, akasoma fizikia Paris na kufanya kazi na mwanafizikia Frédéric Joliot-Curie. Hukohuko Paris, mwaka 1933, alikutana na Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, mchezo wa kupigana wa Kijapani, na Feldenkrais akawa miongoni mwa walioistawisha judo Ufaransa. Goti lake liliumizwa na mpira wa miguu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa Uingereza kwenye utafiti wa kugundua nyambizi, likazidi kumsumbua. Badala ya kukimbilia upasuaji alianza kujichunguza anavyotembea, anavyogeuka, anavyoamka kitandani. Masomo ya sakafuni tunayoyatumia zaidi yametoka kwake. Alifariki Tel Aviv mwaka 1984.

Kuna ushahidi, au ni maneno ya mwalimu tu?

Upo, lakini haulingani. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio la watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu au ya kujirudia. Mwaka mmoja baada ya kuanza, waliopata matibabu ya kawaida walitaja siku 21 za maumivu katika wiki nne. Waliopewa masomo 24 ya Alexander walitaja siku 3. Waliopewa masomo 6 pamoja na mpango wa mazoezi walifika karibu na hapo. Ni matokeo mazuri. Ila masomo yale yalikuwa ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, na wagonjwa walikuwa wa zahanati za Uingereza, si wakata mkonge wa Korogwe.

Kwa upande wa Feldenkrais, tafiti ni chache na nyingi ni ndogo. Akija mtu akakuambia masomo haya yanatibu kila ugonjwa, kaa naye mbali, hata kama anafundisha kwetu.

Maumivu yanapunguaje wakati hamnichui wala hamninyooshi?

Ukiumia kiuno, misuli ya jirani hukaza ili pasisogee. Kwa siku za mwanzo ni busara ya mwili. Shida huja pale kukaza huko kunapobaki miezi baada ya jeraha kupona. Misuli isiyopumzika nayo huuma, maumivu yake yanakutia hofu, na hofu inakufanya ukaze zaidi. Watu wa namna hii ukiwavuta kwa nguvu wanajilinda kwa nguvu. Nimeona mtu akitoka kuchuliwa kwa mafuta ya nazi akiwa amelegea kabisa, na kabla hajafika Chumbageni mabega yamesharudi juu. Kuchua si kubaya, hata mimi napenda, lakini aliyechuliwa hajajifunza anachofanya mwenyewe.

Kitendo kidogo kisichouma kinaupa mfumo wa fahamu habari mpya: kiuno kimesogea, na hakuna lililotokea. Kwa nini kiwe kidogo? Mwanafiziolojia wa Kijerumani Ernst Weber alionyesha katika karne ya 19 kwamba uwezo wetu wa kutambua badiliko unategemea ukubwa wa kile tulichonacho tayari. Ukiwa na gunia la mkaa begani na mtu akaongeza chungwa moja juu yake, hutajua. Ukiwa na machungwa mawili mkononi, la tatu utalihisi mara moja. Ndivyo ilivyo kwa misuli: ukisogea kwa nguvu nyingi, ile bidii ya ziada inajificha ndani yake. Punguza nguvu, nayo inajitokeza yenyewe, na unachokihisi unaweza kukiacha.

Ni lini niende hospitali badala ya kuja darasani?

Nenda leo, usingoje kesho, kama mgongo unauma na mkojo umeziba au unatoka bila wewe kujua. Kama huwezi kuzuia haja kubwa. Kama pana ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja. Kama mguu unapoteza nguvu au unyayo unaburuza. Vilevile kama maumivu yamefuata ajali ya bodaboda au kuanguka mnazini.

Usiache wiki ipite kama mgongo unaambatana na homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au maumivu ambayo hayatulii hata ukilala. Kifua kikuu hakiishii mapafuni, kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo, na dawa zake hapa nchini hutolewa bure. Aliyewahi kuugua saratani naye asikae nyumbani akibashiri. Kwa hapa mjini, anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja watakuandikia uende Bombo, na huko hospitali ya rufaa ya mkoa unaweza kuuliza pia kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Tukikuona na dalili mojawapo ya hizi tutakurudisha mlangoni, na tunaomba usituone wakali.

Neno moja kuhusu diklofenaki, vidonge vya maumivu vya dukani. Kumeza kila siku, wiki hadi wiki, kunaweza kuumiza tumbo na figo, na mwenye presha yuko hatarini zaidi. Ongea na mfamasia au daktari.

Nikikuna nazi kiuno kinakatika. Niache?

Uache, halafu wali uupike na nini? Swali hili linakuja kila wiki, na linastahili jibu refu, kwa sababu mbuzi ya nazi inakusanya mahali pamoja karibu kila kosa la mkao tunalolijua.

Mbuzi iko chini. Ukikaa, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, nyonga inaviringika nyuma, na mgongo hauna pa kwenda ila kujikunja. Juu ya mkunjo huo unasukuma mkono mbele, nyuma, mbele, nyuma, macho kwenye bakuli, shingo imeinama. Tena kichwani unaharakisha, maana chakula kimechelewa.

Anza na kiti. Kunja gunia au shuka kuukuu uweke juu ya mbuzi unapokalia, au uiweke mbuzi yote juu ya ubao mnene usiotikisika, na bakuli nalo liinuliwe. Vidole vichache tu vya kimo vinatosha magoti yashuke na nyonga ipate nafasi ya kuinama mbele. Kisha kaa juu ya ile mifupa miwili tuliyoitaja, si nyuma yake.

Halafu angalia nani anafanya kazi. Wengi hukuna kwa bega: bega limepanda, kiwiko kimebana mbavuni, na kiwiliwili kimeganda. Acha kiwiliwili kiende. Nyonga iviringike kidogo mbele mkono unapokwenda mbele, irudi unaporudi. Safari ni fupi sana, anayekutazama huenda asiione. Uzito wa mwili ndio usukume kifuu kwenye meno ya mbuzi, na kiganja kibaki na kazi ya kugeuza tu. Ukikuta unazuia pumzi, simama, pumua, endelea. Kama umezoea kuweka miguu yote upande mmoja, badili upande kwa nazi ya pili, hata kama mwanzoni unajiona mgeni jikoni kwako. Kati ya kifuu na kifuu inuka, hata ikiwa ni kwenda tu kuangalia moto.

Zipo mashine za kukuna, najua. Bibi zetu wanasema tui la mashine si tui, nami sina ubavu wa kubishana nao.

Mimi ni mtu wa baiskeli, shingo na mikono vinakufa ganzi.

Mji huu una baiskeli nyingi, na nyingi zina kiti kilichowekwa chini mno kwa sababu mwenye nayo anataka miguu yote ifike ardhini. Kanyagio likiwa chini kabisa, goti lako liwe karibu kunyooka, limebaki na mkunjo mdogo tu. Likiwa limepinda sana, nyonga zinayumba kila ukikanyaga na kiuno kinalipa. Kwenye mikono, tazama unavyoshika usukani: pengine unaushika kwa nguvu za kuzuia ng'ombe. Legeza vidole barabara ikiwa tambarare, acha viwiko vipinde kidogo, badili pa kushika. Ganzi ikibaki hata baada ya kushuka, au vidole vikipoteza nguvu, hilo ni la daktari. Wa bodaboda, yote haya ni yenu pia, na shukeni mtembee kidogo kati ya abiria na abiria badala ya kulala juu ya tangi mkichezea simu.

Kubeba ndoo kichwani kunaharibu shingo au kunaijenga?

Vyote viwili vinawezekana, inategemea uzito na unavyobeba. Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wakaona wanabeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanayotumia kutembea mikono mitupu. Mwanamke aliyezoea tangu utotoni huacha mzigo ushuke kwenye mifupa, hakazi shingo kuutafuta.

Lakini piga hesabu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Kwa mwanamke wa kilo 55 hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, si asilimia 20. Kwa hiyo jaza nusu ukiweza, uende mara mbili. Weka kata nzuri. Omba mtu akutwike, kwani kinachoumiza mara nyingi ni ule mshtuko wa kuinua kutoka chini hadi kichwani kuliko mwendo wenyewe. Na kama shingo tayari inauma au mkono unawaka, ndoo isipande kichwani kwa sasa.

Rukuu na sujudu vinaniuma. Nifanyeje?

Kwanza, ruhusa ya mgonjwa kuswali amekaa ipo na inajulikana. Kwa namna utakavyoitekeleza muulize sheikh wako, si mimi.

Kwa upande wa mwili, wengi wenye maumivu huinama rukuu kwa kiuno badala ya nyonga. Simama kando ya ukuta, weka vidole pale paja linapokunjika na kiwiliwili. Inama ukihisi mkunjo unatokea chini ya vidole hivyo, magoti yakiwa hayajafungwa kwa nguvu. Kiuno hakitakuwa na kazi kubwa. Kwenda sujudu, angalia kama unadondoka ghafla katika hatua ya mwisho; mahali unapodondoka ndipo hujapamiliki bado. Tunalo somo zima la kushuka chini na kuinuka, wazee wanalipenda kuliko yote, na wanaosali kanisani kwa kupiga magoti nao limewafaa.

Nifanye nini nyumbani, bila mwalimu?

Chukua somo moja dogo. Likikuuma popote, punguza nusu. Likiendelea kuuma, acha.

Lala chali mkekani, miguu imenyooka. Usirekebishe kitu. Hisi unavyogusa sakafu: kisigino gani kizito zaidi? Chini ya kiuno pana uwazi wa kupita kiganja, au karatasi tu? Bega gani liko karibu na mkeka? Chukua muda hapa, watu hupaharakisha na ndipo penye somo.

Kunja magoti, nyayo zikae chini kwa upana wa nyonga. Sasa fikiria pana uso wa saa umewekwa chini ya nyonga yako: saa sita iko juu, upande wa kiuno, na saa kumi na mbili iko chini, kwenye kifandugu. Viringisha nyonga taratibu kuelekea saa sita; kiuno kinakaribia mkeka. Rudi katikati. Viringisha kuelekea saa kumi na mbili. Kiuno kinainuka kidogo. Nenda na kurudi mara kumi hivi, kwa robo ya uwezo wako. Usibane makalio wala tumbo, acha nyayo zikusaidie kwa kusukuma sakafu kidogo tu. Angalia kidevu: kinapanda na kushuka pamoja na nyonga? Kikiganda, kiruhusu. Pumzika kwa kunyoosha miguu.

Rudia, safari hii ukienda pembeni, nyonga ya kulia izame kidogo, kisha ya kushoto. Upande mmoja utakuwa mwepesi. Usiuadhibu ulio mgumu. Fanya zaidi ule mwepesi, kisha jaribu mwingine kidogo, na mara nyingi utakuta umejifunza kwa mwenzake. Mwisho zunguka saa nzima polepole, ukiona ni wapi mduara unaruka namba.

Nyoosha miguu, hisi tena sakafu, linganisha na mwanzo. Inuka kwa kugeukia ubavu, si kwa kujiinua kifua mbele. Tembea chumbani kidogo kabla hujashika simu.

Nivae mkanda wa kiuno?

Kama daktari amekuandikia kwa sababu maalumu, mfuate yeye. Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu yasiyo na chanzo mahususi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi mikanda. Unapendekeza mtu kuelimishwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono, kutegemea mtu.

Godoro gani ni zuri?

Lile unaloamka juu yake bila kukakamaa. Sipokei kamisheni ya duka lolote.

Hii ni yoga? Au ni mambo ya dini fulani?

Si yoga, si dini, si uganga. Hakuna maneno ya kusoma, hakuna mkao wa kuigiza. Wanaofunga Ramadhani huja bila tabu, kwani hakuna kutoka jasho. Tunahamisha tu saa ili watu wawahi kufuturu.

Wanaume na wanawake wanakaa pamoja?

Kuna saa ya kina mama peke yao, mlango umefungwa, na mwalimu wao ni mwanamke. Kuna saa ya mchanganyiko. Chagua.

Nina ujauzito, naweza kuja?

Mjulishe kwanza mkunga au daktari wako wa kliniki, kisha utujulishe sisi una miezi mingapi. Ujauzito ukishakua hutalala chali muda mrefu; utafanya masomo ya ubavuni na ya kitini, na hayo ndiyo yanayosaidia zaidi kiuno kilichobeba uzito mpya. Ukitokwa damu, ukiumwa kichwa kikali au ukivimba uso na mikono, nenda kliniki, darasa litasubiri.

Masomo mangapi mpaka nione nafuu?

Ningependa kutaja namba, lakini ningekudanganya. Somo la pamoja huchukua kati ya dakika 45 na saa moja. Wengine huinuka mkekani siku ya kwanza wakiwa wepesi, na wepesi huo ukatoweka kesho yake. Si kwamba imeshindikana, mazoea ya miaka ishirini yamerudi tu. Njoo mara moja kwa wiki kwa miezi miwili, fanya kidogo nyumbani, kisha uamue mwenyewe. Kama baada ya hapo hakuna kilichobadilika hata chembe, tutakwambia utafute njia nyingine, maana pesa ni yako. Ada ya somo la pamoja haizidi nauli ya basi kwenda Pangani na kurudi.

Mwanangu ana kibiongo kwa sababu ya simu. Nimlete?

Mlete, lakini kabla ya hapo mtazame. Mwambie avue shati, ainame mbele mikono ikining'inia, nawe usimame nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukipanda juu kuliko mwingine, mpeleke hospitali akaangaliwe kama uti umepinda kwa pembeni. Hilo si la simu, na halitokani na uvivu. Kama mgongo uko sawa, basi tatizo ni kwamba mwili unakaa vilevile saa nyingi. Msimpigie kelele. Mtumeni dukani, mpeni mpira, inueni simu ifike usawa wa kifua kwa kuegemeza viwiko juu ya mto wa kulalia. Darasani tunapokea kuanzia miaka kumi.

Nije na nini?

Mkeka wako kama unao, taulo la kukunja chini ya kichwa, na nguo isiyobana: kina mama dera au suruali pana na kanga ya kujifunika, wanaume suruali ya mazoezi, si msuli wa kujifunga kiunoni, maana unafunguka. Usile chakula kizito ndani ya saa mbili kabla. Fika mapema kidogo, simu izimwe, na kama unatumia miwani ya kusomea iache nyumbani, hatusomi kitu.